Kalamu Kutoka Machinjioni: Hotuba kwa Mafundi na Wafugaji wa Mtwara na Lindi

(Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini mbele ya wachongaji, vijana wa ufundi na wafugaji. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.)

Ndugu Mwenyekiti, mgeni rasmi, wazee wetu, mafundi wenzangu wa Mikindani, Newala na Masasi, wafugaji mliotoka Nachingwea, Liwale na Kilwa, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Naomba nianze kwa swali. Ng'ombe anapochinjwa hapa kwetu, kila kiungo chake kina mwenyewe. Nyama ina mteja, ngozi ina mteja, utumbo una mteja, miguu inachemshwa makongoro, na kichwa kinakuwa supu kabla jua halijapanda. Pembe je? Nani ameagiza pembe? Pembe hubaki nyuma ya machinjio, zikinyeshewa na kupigwa jua, mpaka mtu azichoke na kuzifukia au kuzichoma moto, na harufu yake isumbue mtaa mzima.

Nililokuja kulisema ni moja, nami nitalirudia mpaka mnichoke. Pembe ile inaweza kuwa kalamu ya wino, ile yenye nibu, yaani ncha ya metali ya kuandikia, ya kujazwa na kujazwa tena, lakini fundi aijue pembe kabla hajaijua mashine. Aijue pembe kwanza. Wachongaji tunao, na dunia inawajua Wamakonde kwa mpingo wao. Vijana waliosomea kukereza vyuma tunao. Tulichopungukiwa ni kuielewa mali ghafi yenyewe.

Basi pembe ni nini? Pembe ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kondoo imeumbwa kwa keratini, dutu ileile iliyomo kwenye kucha zetu, nywele zetu na kwato. Huota kuzunguka kiini cha mfupa kilichoungana na fuvu, tabaka juu ya tabaka, kama kofia zilizovikwa moja juu ya nyingine. Ndiyo maana shina la pembe ni tupu ndani, na ncha yake ni nzima. Fundi wa kalamu anaitafuta ile ncha. Shina lina kazi nyingine: vifungo, vitana, vishikio vya visu. Ncha ndiyo kalamu.

Keratini ina tabia mbili ambazo fundi hana budi kuzijua. Ya kwanza ni kwamba hulainika kwa joto. Ukiichemsha pembe au ukaizamisha kwenye mafuta ya moto kwa kiasi, inakubali kunyooshwa, kubanwa na kuwa bapa, na ikipoa inabaki na umbo jipya. Kwa tabia hiyo, karne nyingi kabla kioo hakijawa rahisi, mafundi wa Ulaya walipasua pembe kuwa karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga wakazitia kwenye fanusi, upepo usizime mshumaa. Jiji la London lilikuwa na chama kizima cha mafundi pembe, nacho kipo mpaka leo. Mwaka 1943 chama hicho kiliamua kuipokea sekta ya plastiki kuwa mrithi wa kazi yake. Uamuzi huo una mantiki: vitana, vifungo na vikombe vilivyokuwa vya pembe vyote vilikuwa vimegeuka plastiki, na plastiki nayo hulainishwa kwa joto na kubanwa kwenye kalibu.

Tabia ya pili ndiyo inayotuvunjia kazi: pembe hunywa unyevu. Hewa ikiwa na maji, inavimba. Hewa ikikauka, inasinyaa. Ikisinyaa kwa haraka, matabaka yanaachana na ufa unatokea. Nawaombeni mlikumbuke hili, kwa sababu kila nitakachosema kuhusu utengenezaji kinatoka hapo.

Kuna kisa cha Ujerumani kinachoonesha tabia hiyo ilivyo ngumu kuikwepa. Mwishoni mwa karne ya 19, mwenye kiwanda cha uchapaji, Wilhelm Krische, alitaka ubao mweupe wa kuandikia shuleni. Akishirikiana na mkemia Adolf Spitteler, alifika mahali ambapo protini ya maziwa, ikitiwa kwenye formalini, iligeuka kitu kigumu kinachong'aa kama pembe. Hiyo ilikuwa mwaka 1897. Kitu hicho kiliitwa galalithi, na kwa miaka mingi kilitumika kutengenezea vifungo, na baadaye viwanda vya kalamu vikakipenda kwa rangi zake. Lakini je, kilishinda ile tabia ya kunywa maji? Hakikushinda. Kalamu za galalithi zikilowekwa huvimba na kupinda, na wanaozikarabati za zamani wanaonywa mpaka leo wasizitie majini. Maziwa yalirithi ugonjwa wa pembe.

Sasa, ndugu zangu, kwa nini kalamu? Kwa nini tusitosheke na vifungo na pete za funguo?

Kwa sababu pembe ni kitu cha mkono, na kalamu hushikwa mkononi muda mrefu kuliko karibu chombo chochote. Pembe iliyong'arishwa vizuri haitelezi vidoleni, hupata joto la mkono upesi, na hakuna mbili zinazofanana: moja nyeusi kama mpingo, nyingine ina mawingu ya rangi ya asali, nyingine nyeupe yenye michirizi ya kijivu. Wala sisi si wageni wa pembe. Wazee wa pwani waliwakusanya watu kwa mbiu, pembe ya mbogo iliyopulizwa, na mbiu ya mgambo ikilia watu walijua kuna jambo. Waumikaji waliitoboa ncha ya pembe ya ng'ombe, wakaibandika mgongoni mwa mgonjwa na kunyonya hewa kwa mdomo. Mababu waliosikia na kutibiwa kupitia pembe hawangeshangaa kusikia kwamba inaandika.

Kalamu ya kubeba wino wake yenyewe ina historia ndefu. Petrache Poenaru, Mromania aliyekuwa akisoma Paris, alipewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, na serikali ya Ufaransa mwaka 1827. Lewis Waterman wa New York alipata ya kwake mwaka 1884. Husimuliwa kwamba Waterman alikuwa wakala wa bima, kalamu ikamvujia juu ya mkataba, mteja akamkimbia, na kwa hasira akaunda kalamu bora. Ni hadithi tamu, lakini waliochunguza maisha yake hawakuikuta kwenye kumbukumbu, nami naisimulia kama hadithi tu.

Lililo la hakika ni namna kalamu hiyo inavyofanya kazi. Wino hauanguki kwa uzito wake. Unavutwa kupitia mifereji myembamba iliyochongwa chini ya nibu, kama utambi unavyovuta mafuta, na kila tone linalotoka ni lazima hewa kidogo iingie kuchukua nafasi yake. Hewa ikizuiwa, kalamu inakauka. Hewa ikiingia ovyo, kalamu inamwaga. Kipande hicho chenye mifereji, ambacho mimi hukiita ulimi, ndicho moyo wa kalamu, wala hakitengenezwi kwa pembe. Kwa miongo mingi kilitengenezwa kwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Kalamu nzima za wakati ule zilikuwa za ebonaiti kwa sababu wino hauili. Tena, wazee wa Kilwa na Lindi watakumbuka waliyosimuliwa na wazee wao: katika karne ya 19 utomvu wa mipira ya mwitu ulikusanywa kwenye misitu yetu ukapakiwa majahazini kwenda nje. Biashara ya mpira uliolisha viwanda vya dunia ilipita kwenye bandari hizi hizi.

Fundisho lake kwa fundi wa pembe ni fupi. Wino usiguse pembe. Pembe iwe vazi, na ndani yake kuwe na kitu kisichonywa maji.

Sasa niingie kwenye jambo linaloweza kumpeleka mtu jela, na hapa naomba vijana mnisikilize kwa makini. Pembe yako inatoka wapi?

Kijana mmoja aliwahi kuniletea pembe nzito, nyeusi, yenye ncha ambayo fundi yeyote angeitamani. Alisema ameiokota porini upande wa Liwale, mnyama ameshakufa zamani. Ilikuwa ya mbogo. Nilimwambia asiiweke hata mezani pangu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ya mbogo, ya tandala, ya pofu, ya mnyamapori yeyote, ni nyara ya Serikali, na kuikuta imelala chini hakuifanyi kuwa yako. Alinijibu kwamba ameona kalamu za pembe ya nyati zikiuzwa nje kwa uwazi. Ni kweli zinauzwa, lakini nyingi ni za nyati wa maji wa Asia, mnyama anayefugwa na kukamuliwa India kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Nyati wa India ana mwenyewe zizini. Mbogo wa Liwale ni wa Taifa.

Na tusijidanganye kwamba ukali huu hauna sababu. Sensa zilikadiria tembo wa Tanzania kuwa takriban 109,000 mwaka 2009. Kufikia mwaka 2014 walikuwa takriban 43,000. Pori la Akiba la Selous, jirani yetu wa kaskazini, ndiko walikouawa kwa wingi. Tembo alifia meno yake, na meno hayo yaligeuka mapambo na mihuri ya watu wa mbali. Fundi anayechonga kitu chochote kitokacho kwa mnyama, akitaka mnunuzi wa maana, lazima aweze kusema bila kusitasita: huyu alikuwa ng'ombe, alichinjwa machinjio fulani, akakaguliwa. Jirani zetu wa Kilwa wameshatuonesha njia kwa mpingo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vyao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, na gogo la mpingo likaanza kuuzwa likiwa na asili yake inayojulikana.

Kuna na sababu ya afya. Msichukue pembe ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe machungani. Kimeta kinajulikana kwa wafugaji wote waliopo hapa. Vijidudu vyake hujifunga katika hali ya kulala na kuishi miaka mingi kwenye udongo, kwenye ngozi, kwenye manyoya na kwenye pembe. Anayekereza pembe anatoa vumbi, na vumbi linakwenda mapafuni. Pembe iwe ya mnyama aliyekaguliwa na mtaalamu wa mifugo, na barakoa iwe ya vumbi hasa. Kitambaa kilichofungwa puani ili mpigapicha aridhike hakizuii kitu.

Basi tuitengeneze.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliohamishwa kutoka bonde la Usangu waliingia mkoa wa Lindi na mifugo yao, na mikoa yetu, ambayo kwa muda mrefu ng'ombe walikuwa wachache kwa ajili ya mbung'o, ikaanza kuona makundi makubwa. Ng'ombe hao wengi ni zebu, wale wa kienyeji wenye nundu na pembe fupi. Hilo ni tatizo la vipimo, na nalisema wazi ili mtu asinunue gunia zima akaja kulia. Mwili wa kalamu unahitaji kipenyo cha milimita 13 hadi 15, tundu la ndani la milimita 9 hivi ili pampu ya kuvutia wino iingie, na ukuta unaobaki ni milimita 2 au 3 tu kila upande. Kalamu iliyofungwa ina urefu wa karibu sentimita 14. Pembe moja ya zebu haitoi urefu huo ulionyooka. Kwa hiyo mwili utoke kwenye ncha moja, kifuniko kitoke kwenye ncha nyingine, na fundi achague mbili zinazopendana kwa rangi. Ng'ombe wa Ankole wa Kagera wana pembe kubwa zinazorahisisha kazi hii, lakini nauli ya kuzileta huku ni maumivu. Tuanze na zetu.

Pembe ikitoka machinjioni huchemshwa mpaka kiini cha mfupa kiachie, kisha hugongwa na kutolewa. Kuchemsha pia huua mayai ya wadudu, na hili si dogo. Mzee mmoja wa Masasi alinionesha pembe aliyoitundika ukutani miaka mingi, ikiwa imeota vijiti vidogo vya udongoudongo kama mche unaochipua. Nyumbani kwake walikuwa wakiiogopa. Hapakuwa na uchawi: ni nondo wa Afrika, Ceratophaga vastella, ambaye viwavi wake hula keratini ya pembe za wanyama waliokufa na kujijengea vijumba vya mirija vinavyotokeza nje. Fikirini mteja afungue kabati akute kalamu yake imeota mirija!

Baada ya kuchemsha, kata ncha, paka nta kwenye pande zilizokatwa, weka kivulini penye upepo, na uende ukalime. Naam, ukalime. Pembe ikauke taratibu kwa miezi. Kwetu huku kipindi kizuri ni cha kusi, kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa inapokuwa kavu kuliko wakati wa mvua. Ukiikausha juani au jikoni, itakupa ufa, na ufa wa pembe mara nyingi hauonekani mpaka siku unapomaliza kuing'arisha.

Ikikauka, kata kipande kilichonyooka badala ya kunyoosha kilichopinda. Nimesema pembe hunyooka kwa joto. Ni kweli, lakini huukumbuka upinde wake, na ikipata joto au maji tena huanza kurudi. Kwa kijiko cha saladi hilo halina madhara. Kwa kifuniko cha kalamu, ni hasara.

Hapo ndipo mashine ya kukereza inapoingia, na siri yake ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza, kereza kwa unene wa ziada, toboa tundu dogo katikati, kisha iache ipumzike wiki kadhaa. Pembe iliyofunguliwa katikati itajisogeza, itajipinda kidogo, itatafuta mahali pake. Iache isogee sasa, ikiwa bado ni gogo, isije ikasogea ikiwa mfukoni mwa mtu. Mara ya pili ndipo unapofikia kipimo. Patasi iwe kali, mkato uwe mwembamba, na biti ya keekee itolewe mara kwa mara ipoe. Pua yako ndiyo kipimajoto: ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, simama. Joto limeshazidi, na nyufa ndogo zimeanza ndani.

Kisha ingiza mrija wa ebonaiti au wa shaba nyeupe ndani ya mwili, uugandishe kwa gundi ya epoksi, na hesi, ambazo karakana nyingi huziita thredi, zikatwe kwenye mrija huo. Wapo mafundi wanaokata hesi kwenye pembe yenyewe, nami nawaheshimu, lakini fikirini safari ya kalamu hiyo. Imekatwa Mtwara wakati wa masika, inanunuliwa na mtu wa Dodoma, inakaa kiangazi kizima kwenye hewa kavu. Pembe inasinyaa, kifuniko kinakaza, mteja analazimisha, mdomo unapasuka. Mrija haujali mvua wala kiangazi. Kishikio cha vidole, karibu na nibu, nacho kiwe cha ebonaiti, kwa sababu ndicho kinachozamishwa kwenye chupa ya wino.

Nibu msijitese kuitengeneza. Ncha yake ina punje ya metali ngumu ya jamii ya platini iliyochomelewa, kisha ikapasuliwa katikati kwa mfereji mwembamba kuliko unywele, na kuna viwanda Ujerumani, kama Bock na JoWo, vinavyowauzia mafundi wadogo duniani kote nibu pamoja na ulimi wake, za chuma cha pua na za dhahabu. Nunueni. Hakuna aibu: seremala hafui misumari yake. Kazi yenu ni kuijaribu kila nibu kwenye karatasi kabla haijatoka karakanani.

Umaliziaji nitaupitia upesi, kwa sababu wachongaji mliopo hapa mnanizidi. Ni msasa mkavu, ukipanda kutoka ule wa kukwaruza hadi namba 2000, kisha dawa ya kung'arisha, kisha nta ya nyuki. Maji yasitumike. Varnishi pia naikataa. Inaifanya pembe ifanane na plastiki, na mtu anayetaka plastiki ataipata kwa bei ya andazi.

Nani atanunua? Tuseme ukweli, mwanafunzi wa shule hatanunua, wala si haki kumdai anunue. Kalamu hii ni ya mtu anayeweka saini, anayetoa zawadi ya kustaafu, na ya wale wanaokusanya kalamu duniani, ambao ni wengi na ni wachunguzi kuliko mahakimu. Watafungua na kufunga kifuniko mara kumi. Watauliza mnyama gani, sehemu gani, umri gani wa ukaushaji. Wajibuni kweli, na mwandike kwenye karatasi ndogo: pembe ya ng'ombe, imekaushwa kivulini, isiwekwe majini, isiachwe ndani ya gari juani, ipakwe nta mara moja moja. Anayetaka kuuza nje ya nchi aende kwanza ofisi ya mifugo, maana bidhaa ya mnyama huhitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka.

Ndugu Mwenyekiti, wanaotaka kuanza wasinunue mashine kesho. Waende machinjioni, wachague ncha nzima zisizo na ufa, waandike kwenye kila moja tarehe na mahali ilipotoka, wazichemshe na kuzitundika kivulini kusi likianza. Zitakapokuwa tayari, walio na mashine za kukereza katika karakana zetu watakuwa wamepata nafasi ya kujifunzia kwenye mti laini. Mimi nitabaki hapa mpaka saa kumi jioni. Vipande vya hatua zote viko pale mezani, vikiwemo viwili vilivyopasuka. Vishikeni, mvinuse, mviulize. Ahsanteni kwa kunisikiliza.